Fungu la Wenyewe

Sogeeni karibu. Anayetaka hadithi ya kumbembelezea mtoto aende kwa msimulizi mwingine; mimi leo nina hadithi ya kuwagombanisha. Nimeisimulia katika nyumba tatu, na zote tatu niliondoka watu wakiwa hawasemezani. Nitaisimulia na hapa, kisha nitavaa viatu vyangu.

Ni hadithi ya chupa moja ya jin. Nimesema jin, sikusema jini, kwa hiyo ninyi wa pwani msianze kutafuta ubani. Ni kinywaji cheupe kama maji, kinachopikwa kwa ndizi huko kwenye nchi ya migomba, magharibi ya ziwa kubwa, juu ya kilima kiitwacho Kyamitoke.

Kilimani hapo aliishi mjane mmoja, Ma Kemilembe, mpishi wa jin, aliyekuwa na watoto watatu, watu wazima wote, kila mmoja na kipawa chake. Kokugonza, kifunguamimba, alikuwa na jicho. Ukitikisa chupa mbele yake alizitazama zile shanga za povu zinavyopanda na kuvunjika, akakwambia jin ina nguvu kiasi gani na mpishi alikuwa na haraka ya nini. Muganyizi, wa kati, alikuwa na pua. Akipita barabarani alijua nyumba ipi inaivisha ndizi na nyumba ipi imezisahau shimoni. Asimwe, kitindamimba, aliyeolewa ng'ambo ya bonde, alikuwa na ulimi. Tone moja lilimtosha kukutajia kisima kilichotoa maji na mti uliotoa kuni. Watu walisema Ma Kemilembe alikuwa na vyote vitatu, kwamba kila alipojifungua alimgawia mtoto kimoja na yeye hakupungukiwa na kitu. Kupungukiwa kulikuja baadaye.

Sasa nisikilizeni kwenye jambo la upishi, maana hadithi yote imening'inia hapo. Ndizi hufukiwa shimoni, na zikiiva hukamuliwa, juisi yake huchanganywa na mtama uliokaangwa, ikalala mpaka ikawa lubisi, yaani pombe ya ndizi. Lubisi huchemshwa ndani ya pipa lililofunikwa, na mvuke wake hupita kwenye bomba la shaba lililozamishwa katika maji baridi, ukatokea upande wa pili ukidondoka tone baada ya tone. Hiyo ndiyo jin. Lakini matone ya kwanza hayanywewi. Kyamitoke huyaita fungu la Wenyewe, yaani marehemu walioipanda ile migomba, nayo humwagwa kwenye shina la mgomba ulio karibu na mlango. Mgeni akiona hudhani ni ibada tu. Mpishi anajua kwamba matone hayo yana sumu, yananuka rangi ya kucha, na yanaweza kumpofusha mtu. Yamwagwe kiasi gani? Mwaka mwingine kikombe kimoja, mwaka mwingine vitatu, kutegemea ndizi na moto. Mpishi hukinga kiganja akanusa, akamwaga, akanusa tena, mpaka harufu ile ikatike. Bibi yake Ma Kemilembe alimfundisha kwamba Wenyewe hawapimiwi kwa kikombe, wanapimiwa kwa pua.

Kila mwaka wapishi wa kilima walipeleka chupa ya kwanza uwanjani ikaonjwe, na mwenye chupa bora ndiye aliyepikia harusi zote na matanga yote mpaka mwaka uliofuata. Ma Kemilembe alikuwa ameshinda miaka kumi na tisa mfululizo. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mume, meno mawili ya mbele yalikuwa yamekwenda. Alichokuwa nacho ni jina, na bomba la shaba lenye mizunguko saba lililofuliwa enzi za bibi yake. Bomba hilo lilirithiwa na mtu mmoja tu, kwa kuwa huwezi kulikata vipande ukawagawia watoto.

Basi mwaka huo homa ilimlaza siku tisa. Siku ya kumi aliamka, akachemsha kahawa, akainamia kikombe, na hapakuwa na kitu. Akadhani kahawa imeharibika. Akaenda stoo akatumbukiza uso kwenye gunia la buni, hamna. Akatafuna pilipili; moto aliusikia, pilipili yenyewe hakuisikia. Mwisho akaenda kwenye kasha lililokuwa na koti la marehemu mumewe, koti ambalo kwa miaka saba hakuruhusu lifuliwe, akalifunika usoni. Lilikuwa kitambaa tu. Hapo ndipo alipokaa sakafuni akalia, maana mume alikuwa bado yumo ndani ya lile koti mpaka ile homa ilipomtoa.

Hakumwambia mtu. Nikifika hapa mimi humkasirikia, na sifichi. Lakini katika nyumba ya pili mama mmoja alinikatiza, akaniuliza mpishi asiyenusa amwambie nani, na akimaliza kusema, atabaki nani? Nami nikaendelea.

Siku ya kupika ikafika. Muganyizi alikuwa kisimani akichota maji ya kupoza bomba. Mabinti wawili walikuwa pembeni ya moto. Matone yalipoanza, Ma Kemilembe akakinga kiganja, akanusa. Hewa tupu. Akatikisa kichwa taratibu kama anayetafakari, huku akijua kwamba macho ya wanawe yako kwenye mkono wake. Mwaka uliopita ilikuwa kikombe kimoja. Akamwaga kikombe kimoja kwenye shina la mgomba, akawaita Wenyewe kwa sauti thabiti waje wanywe, kisha akaisogeza chupa chini ya bomba. Wenyewe walipunjwa mwaka huo, na kilichobaki cha fungu lao kiliingia kwenye chupa ya walio hai.

Usiku haujaingia, alijionjea kidogo peke yake. Iliunguza kutoka mdomoni mpaka tumboni. Kwa kuwa moto ndicho kitu pekee alichokuwa bado anakisikia, akafurahi, akasema kumbe nguvu zipo.

Siku mbili kabla ya kuonja, aliwaita watoto mmoja mmoja akawapa chupa wamwambie wameionaje. Alifanya hivyo kila mwaka, na miaka mingine ulikuwa mchezo, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari. Mwaka huu alikuwa anauliza kweli. Lakini uso aliuvaa ule ule wa mchezo, na hapo alijifungia mlango mwenyewe, kwani Kyamitoke mtoto hamwambii mama yake kwamba chungu chake kimeharibika. Ni sawa na kumwambia kuwa maziwa aliyokunyonyesha yalikuwa machungu.

Kokugonza alikuja wa kwanza. Aliitikisa chupa kwenye mwanga, akaona shanga zimepanda kubwa kubwa, zikavunjika kabla hazijakaa. Akajua. Na jicho lake lilikuwa limejua zaidi ya hapo, tangu siku nyingi: lilimwona mama akitia chumvi kwenye maharage mara mbili, lilimwona akipita karibu na ugali unaoungua bila kugeuka. Miezi miwili Kokugonza alikuwa anakula maharage ya chumvi kali na kuomba aongezewe. Akaiweka chupa mezani, akasema ni nzuri, kama ya mwaka jana. Akaenda nyuma ya nyumba akakaa na siri yake, kwa kuwa aliona mama akiambiwa, atazima moto wake na hatauwasha tena.

Muganyizi alikuja wa pili. Alifungua kizibo tu, ile rangi ya kucha ikampanda puani, na mawazo yakamwenda kwa mtu mmoja wa kilima cha jirani aliyeingia kwenye harusi akiona akatoka akiongozwa na mkewe. Akamwambia mama kwamba iko sawa. Kisha akateremka moja kwa moja mpaka kwa Ta Ishengoma, mzee msimamizi wa kuonja, akamwomba kwa siri aiondoe chupa ya mama yake kwenye mstari, isinywewe na mtu. Alijua anachokifanya ni kumuuza mama mbali na nyumbani. Akaona afadhali mama apoteze jina kuliko mgeni apoteze macho.

Asimwe alikuja wa mwisho. Aliweka tone moja kwenye ulimi, akatoka nje haraka akatema. Akarudi akitabasamu, akasema ni tamu, akamwomba mama amwachie yeye kazi ya kuifunga vizuri. Huko kwa wakwe zake, ng'ambo ya bonde, Asimwe alikuwa amejipikia kidogo kidogo, akifuata kila alichokiona kwa mama, hata nyimbo. Alfajiri iliyofuata aliimimina jin ya mama kwenye dumu, akaijaza chupa kwa jin yake mwenyewe, akaiziba kwa kizibo kile kile. Hakumwambia dada, hakumwambia kaka.

Mnaona walivyo? Watoto watatu, kila mmoja kashika kipande chake, na hakuna aliyemwonyesha mwenzake. Wangekaa kwenye mkeka mmoja kwa muda wa kumenya ndizi za mchana tu, mimi nisingekuwa na hadithi.

Siku ya kuonja uwanja ulijaa. Ta Ishengoma hakuweza kuitunza siri aliyopewa, au hakutaka. Alisimama akasema kwamba chupa ya Ma Kemilembe ina maneno, kwamba mtoto wa nyumba hiyo hiyo amekuja kuishuhudia kuwa ni mbaya, hivyo ataionja yeye peke yake kwanza. Akamkazia macho Muganyizi, na uwanja wote ukageuka kumtazama. Ma Kemilembe hakuhitaji kuuliza ni mtoto yupi.

Ta Ishengoma akaonja. Akafumba macho, akaonja tena, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Waitu, mwenzetu Ma Kemilembe," akasema, "mwaka huu umejipita mwenyewe. Huyu kijana wako ana la kutueleza."

Kikombe kikapitishwa, na kilipofika mbele ya Muganyizi hakukinywa, alikinusa. Akasikia moshi wa kuni za ng'ambo ya bonde. Akamtazama Asimwe, na Asimwe akatazama vidole vyake vya miguu. Neno moja tu lingemsafisha Muganyizi mbele ya kilima kizima. Hakulisema. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamwomba mama yake radhi kwa kumzushia, na wapishi wote wakiwa wanatazama, Ma Nyamwiza aliyeshindwa miaka kumi na tisa akiwa mstari wa mbele. Ma Kemilembe alitema mate chini, akampa mgongo.

Kisha wakamletea kikombe chake cha ushindi. Akanywa huku wanampigia vigelegele, na jin ile ikamshuka kooni kwa upole. Haikumuunguza. Alisimama pale na kikombe mkononi, anatabasamu kwa watu, lakini koo lake, ambalo homa haikuligusa, lilikuwa limeshamwambia. Ile haikuwa jin yake.

Alasiri ile aliwakalisha wote watatu jikoni, akaweka bomba la shaba mapajani, akauliza swali moja: nani aliyeipika jin ya uwanjani? Asimwe alilia kabla ya kujibu. Baada yake Muganyizi akasema alichonusa na alipokwenda. Baada yake Kokugonza akasema alichoona, na tangu lini. Ikawa mara ya kwanza vipande vitatu kuwekwa pamoja, na jin ilikuwa imeshanywewa.

Mama akauliza ile ya kwanza iko wapi. Asimwe akaleta dumu. Alikuwa ameshindwa kuimwaga, alisema, kwa sababu ni kazi ya mkono wa mama. Ma Kemilembe akamimina kidogo sana kwenye kikombe, akaishika mdomoni muda mrefu. Wanawe walimtazama uso. Hakupepesa hata jicho. Akaitema kwenye majivu, akasema, "Nisomeeni. Mimi sisikii ila moto."

Wakasita. Akawaambia mwiko wa chungu cha mama ameufuta yeye, mwenye chungu.

Basi Kokugonza akaitikisa, akasema shanga ni kubwa na zinakufa haraka, na maji yake yana ukungu mwembamba ambao jin ya mama haijawahi kuwa nao. Muganyizi akanusa, akasema ni rangi ya kucha, nyuma yake ndizi iliyoungua, na nyuma kabisa, mbali, kuna ile harufu ya maganda ya machungwa, alama ya jin ya mama, ikijaribu kutokea. Asimwe akaonja, akatema, akasema inaanza tamu ya kudanganya, katikati ni shaba, mwisho ni chungu kama kwinini, na uchungu huo hauondoki hata ukisukutua. Walisema polepole, kila mmoja akitazama chini. Na Ma Kemilembe, aliyekuwa ameonja jin ya kilima kizima kwa miaka kumi na tisa, aliisikia jin yake kwa masikio.

"Kwa hiyo ni mbaya," akasema.

"Ni mbaya, Mama," akasema Kokugonza.

Akasukuma kuni motoni. Kisha akawageukia. "Mlijua wote watatu. Mmoja amekula chumvi yangu miezi miwili, mmoja amenipeleka kwa watu, mmoja amenibadilishia chupa. Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza: Mama, unasikia harufu?"

Aliyejibu alikuwa Muganyizi, bado ana vumbi la uwanjani kwenye magoti.

"Na wewe, Mama, ulikuwa unatuuliza jin ikoje. Mbona hukutuambia kwa nini unauliza?"

Sijui kama mtoto anaruhusiwa kumjibu mama hivyo. Najua kwamba Ma Kemilembe hakutema mate mara ya pili.

Akawaambia hatapika tena. Lakini kilima kimeshampa mwaka mwingine, ndizi za harusi ya kwanza zimeshafukiwa shimoni, na siku ya sita zitakuwa zimeiva. Bomba lazima lipate mwenyewe kabla ya hapo, na mwenyewe ni mmoja. Wawili watakaolikosa watajua mama amewahukumu, na watalijua hilo mpaka siku wanamzika.

Haya, mnaona wenyewe jambo lilivyomkaa mama. Kokugonza aliuhurumia moyo wa mama, akamwacha gizani peke yake. Muganyizi aliyahurumia macho ya watu, akaliuza jina la mama, kisha akauzika ukweli wake mwenyewe kwa kupiga magoti na hakuudai tena. Asimwe alilihurumia jina la mama, akamwibia chupa, akamtazama kaka yake akifedheheka na mdomo hakuufungua. Na jin ya Asimwe, msisahau, ilikuwa nzuri kweli.

Katika nyumba ya kwanza walisema apewe Muganyizi, na binti mmoja akauliza kama wote wangependa kuwa na mtoto wa namna hiyo. Katika nyumba ya pili walisema Asimwe, kwa kuwa bomba ni la anayejua kupika, mengine ni ya kanisani. Katika nyumba ya tatu bibi mmoja alisema Kokugonza, akataja yale maharage, akashindwa kuendelea. Kijana mmoja alisema bomba lifukiwe chini ya mgomba wa mlangoni, Wenyewe walipwe fungu lao lote. Ma Kemilembe alilifikiria na hilo.

Nimemwacha palepale jikoni. Bomba liko mapajani, mikono yake iko juu yake, watoto watatu wako mbele yake, na hakuna anayeomba. Moto umebaki makaa. Amewatazama wa kwanza, wa pili, wa tatu, amechoka kuwatazama, sasa amegeuza uso anakutazama wewe uliyesikia yote.

Bomba ungemkabidhi nani? Sema kwa sauti, na kama mama yako yumo humu ndani, sema ukiwa unamtazama. Mimi navaa viatu.